Kantangaze, Nondo wa Bustani za Segese

Kantangaze ni nondo mdogo anayeishi kwa kutegemea mnyanya. Mwili wake una urefu wa milimita 5 hadi 7, kiasi cha punje ya mchele, na rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Mabawa ya mbele yana madoa meusi, na papasi zake ndefu zina mikanda ya weusi na weupe inayopokezana kama shanga zilizotungwa. Mchana hujificha katikati ya majani. Huruka jua linapozama na tena alfajiri, saa ambazo wenye bustani wengi wako nyumbani, na ndiyo sababu mtu anaweza kulima nyanya miaka mitano, akapoteza mazao mara tatu, asijue sura ya anayemtia hasara.

Kitaalamu anaitwa Phthorimaea absoluta. Mwingereza Edward Meyrick ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1917, baada ya kuchunguza nondo aliyepatikana Huancayo, katika milima ya Peru. Mwaka 1994 alihamishiwa kwenye jenasi ya Tuta, na mwaka 2021 wataalamu wakamrudisha alikokuwa mwanzo, baada ya kuona kwamba udugu wake na nondo wa viazi mviringo ni wa karibu mno kuwatenganisha. Kwenye maduka ya pembejeo bado ni Tuta. Wakulima wa Tanzania wao walimpa jina lao wenyewe, kantangaze, ambalo masikioni ni kama amri iliyofupishwa: nenda kanitangaze. Ni jina linalomfaa. Nyanya yenye tobo jeusi karibu na kikonyo haihitaji maelezo mbele ya mnunuzi, inamtangaza mdudu huyo yenyewe.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Iko kaskazini mwa mji wa Kahama, upande wa kuelekea Bulyanhulu, Kakola na hatimaye Geita. Nchi hii inajulikana kwa dhahabu. Uko mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, na kuna maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea udongo. Lakini penye wachimbaji pana mama lishe, na penye mama lishe nyanya hutakiwa kila siku, kiangazi na masika. Ndiyo maana mabondeni, pembeni ya malambo na visima, kuna vipande vya bustani ambavyo msafiri wa gari la Kakola huvipita bila kuvitazama mara mbili. Mwandishi wa makala haya alishuka Segese mwezi Agosti kwa ajili ya vipande hivyo.

Bustani ya kwanza ilikuwa robo eka ya nyanya aina ya Tanya, mali ya mama mmoja wa makamo. Baada ya kuitikiana “mwadila”, salamu ya Kisukuma, maana ilikuwa imeshapita adhuhuri, aliulizwa kama kantangaze yupo.

“Huyo humtafuti, mwanangu,” alijibu. “Chuma jani lolote, utamkuta humo humo.”

Jani lilichumwa likainuliwa juani. Karibu theluthi yake ilikuwa doa pana la rangi ya majani makavu, na mwanga ulipita humo kama unavyopita kwenye karatasi iliyomwagikiwa mafuta. Nyama ya jani ilikuwa imekwisha. Zilibaki ngozi mbili tu, ya juu na ya chini. Kati ya ngozi hizo alikuwamo kiwavi wa kijani hafifu asiyefika nusu sentimita, kichwa cha kahawia, na nyuma ya kichwa mstari mwembamba mweusi kama kola ya shati. Alikuwa anakula. Kichwa kilikwenda kushoto kikarudi kulia, na kila kilipopita, ukingo wa kijani ulirudi nyuma kidogo. Kinyesi chake, punje nyeusi ndogo kuliko chembe za pilipili manga iliyosagwa, kilikuwa kimerundikana upande mmoja wa handaki. Mchimbaji wa Kakola akishuka duarani huweka matimba ya miti ili udongo usimwangukie. Kiwavi huyu hahitaji matimba, kwa kuwa ngozi za jani ndizo paa lake na sakafu yake.

Maisha yake huanza na yai. Jike aliyekwisha pandwa anaweza kutaga hadi mayai 260 katika uhai wake, na sehemu kubwa ya mayai hayo huyataga ndani ya wiki ya kwanza. Hayatagi kwa mkupuo. Huyatawanya moja moja, zaidi upande wa chini wa jani, mengine kwenye machipukizi, mashina machanga na kwenye vijani vidogo vinavyoshika tunda. Yai lina umbo la mcheduara, rangi ya maziwa inayogeuka njano, na urefu wa takriban milimita 0.36. Jicho la mtu mwenye haraka halilioni. Katika bustani ya Segese ilibidi kioo cha kukuzia kitumike, na hata hivyo mayai matatu yalipatikana baada ya kupekua majani kadhaa. Kwa kawaida yai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6.

Kiwavi anayetoka hana hata milimita moja. Hutembea juu ya jani kwa muda mfupi, kisha hutoboa ngozi na kuingia ndani. Muda huu ndio pekee, katika siku zake za mwanzo, ambao yuko wazi. Akishaingia hula, hukua na kujivua gamba. Hupitia hatua 4 za ukuaji kwa muda wa siku 10 hadi 15, na mwishoni hufikia urefu wa karibu milimita 8. Rangi nayo hubadilika: mwanzo ni ya maziwa, kisha kijani, na katika hatua ya mwisho hupata wekundu wa waridi mgongoni. Hafungwi na handaki moja. Jani likiisha, au joto likizidi, hutoka, hujikokota hadi jani jingine na kuchimba upya. Mche uliovamiwa sana huonekana kama umepitiwa na moto.

Hapa inafaa kumtofautisha na mdudu mwingine, kwa sababu kuwachanganya kunawagharimu wengi. Kuna inzi mdogo wa jamii ya Liriomyza ambaye mabuu wake nao hukaa ndani ya jani la nyanya, kunde au tikiti. Handaki la inzi huyo ni mstari mwembamba mweupe unaojipinda, kama mtoto aliyechora kwa chaki bila kuinua mkono. Handaki la kantangaze huanza dogo, kisha hupanuka likawa doa. Tena mabuu wa inzi hawaingii kwenye tunda. Aliyeona mistari ya inzi akakimbilia dawa kali ya kantangaze ametupa fedha, na huenda ameua wadudu waliokuwa wanamsaidia.

Kantangaze akiishia kwenye majani tu, mche wenye nguvu unaweza kuvumilia. Hasara kubwa iko kwenye tunda. Kiwavi huingilia kwenye kikonyo, chini ya vile vijani vitano vya kijani, mahali ambapo dawa haifiki vizuri na macho hayatazami. Tundu ni dogo kama la sindano. Ndani hula nyama ya tunda, na nyuma yake huingia vimelea vya kuoza. Nyanya inaweza kuiva, ikapendeza kwa nje, ikapangwa kwenye sado sokoni Kahama, kisha mnunuzi akaikata nyumbani na kukuta njia nyeusi inayoelekea kwenye mbegu. Shamba lisilodhibitiwa linaweza kupoteza asilimia 80 hadi 100 ya mavuno. Takwimu hiyo inasomwa mara nyingi kwenye vipeperushi bila kuhisiwa. Maana yake, kwa mwenye robo eka, ni kwamba mbegu, mbolea, mafuta ya pampu ya maji na miezi mitatu ya kuinama vimeishia kwenye lundo la nyanya zisizouzika.

Kiwavi akishiba huacha kula. Wengi hujishusha hadi ardhini kwa uzi mwembamba wa hariri na kujificha kwenye udongo wa juu. Wengine hubaki kwenye jani lililojikunja au humo humo kwenye handaki. Huko hugeuka pupa, mwanzo wa kijani, kisha kahawia. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, unaopatikana kwenye miteremko mingi ya eneo hili, ni mwepesi na rahisi kwa kiwavi kujifukia. Hatua ya pupa huchukua siku 9 hadi 11. Haili, haitembei, na dawa inayopulizwa kwenye majani hapo juu haiigusi. Kisha ngozi hupasuka na nondo hutoka. Dume huishi takriban wiki moja, jike siku 10 hadi 15, na mzunguko huanza tena.

Urefu wa mzunguko mzima hutegemea joto. Majaribio yaliyofanywa Chile yalionyesha kuwa kwenye nyuzijoto 14 huchukua siku 76, kwenye 20 siku 40, na kwenye 27 siku 24 tu. Mkulima wa nyanda za baridi anaona kizazi kimoja wakati mwenzake wa nchi ya joto anaona vitatu. Segese, penye jua la karibu mwaka mzima, inakaa karibu zaidi na hesabu ya mwisho: kama mwezi mmoja kutoka yai hadi yai. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. Tuseme kati ya mayai 260 ya jike mmoja yanapona 20 tu, na nusu yake ni majike. Kizazi cha pili kina majike 10, cha tatu 100, cha nne 1,000. Hesabu hii ni ya kukadiria kwa kalamu, lakini inaeleza jambo ambalo wakulima wengi hulisimulia kwa mshangao, kwamba shamba lilikuwa zima wakati wa maua na limekwisha wakati wa kuvuna. Halikuharibika kwa usiku mmoja. Vizazi viwili vya kwanza vilipita bila kuonekana.

Mdudu huyu hakuwako Afrika tangu zamani. Kwa miongo mingi alikuwa tatizo la Amerika ya Kusini peke yake. Mwaka 2006 aligunduliwa Hispania, na kufikia 2008 alikuwa amevuka hadi Afrika Kaskazini. Sudan ilimpata mwaka 2010, Ethiopia 2012, kisha Kenya na Tanzania mwaka 2014. Kwa Tanzania alitambuliwa kwanza katika kijiji cha Ngabobo, wilayani Arumeru, mkoani Arusha. Uganda ilifuata mwaka 2015, na mwaka uliofuata Afrika Kusini. Mwezi Mei 2016 jimbo la Kaduna nchini Nigeria lilitangaza hali ya dharura kwa sababu yake. Huko walimwita Ebola ya nyanya. Bara zima lilikuwa limepitiwa chini ya miaka kumi. Mabawa ya milimita chache hayangeweza kazi hiyo peke yake. Husafirishwa ndani ya nyanya zenyewe, kwenye matenga na makreti, na kwenye miche inayohamishwa kutoka kitalu hadi kitalu. Tenga linalotoka mkoa mmoja kuingia Kahama, kisha likarudi tupu bila kuoshwa, hubeba pupa kwenda na kurudi.

Na akifika hakosi pa kukaa. Nyanya ndiyo anayoipenda zaidi, lakini huishi pia kwenye viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu na mnavu, na hata kwenye ndulele inayojiotea kando ya njia. Kuzunguka bustani ile ya Segese ndulele ilikuwa imesimama upande wa lambo, na majani yake mawili yalikuwa na madoa yale yale. Mwenye bustani alikuwa akiiacha kwa sababu mizizi yake ni dawa ya tumbo.

Silaha ya kwanza ya wakulima wengi ni bomba la mgongoni. Wengine hupuliza kila baada ya siku tatu, wakichanganya dawa mbili au tatu ndani ya bomba moja. Ukiifuata kalenda ya mdudu utaona kwa nini jasho hilo halilipi. Siku bomba linapopita, sehemu ya kizazi ni mayai yaliyobandikwa chini ya jani, sehemu ni viwavi waliofunikwa na ngozi za jani, sehemu ni pupa udongoni. Dawa ya mguso inawapata wachache walioko nje. Dawa zinazopenya ndani ya jani, kama emamektini benzoati na klorantraniliproli, hufanya kazi vizuri zaidi, hasa kiwavi akiwa bado mchanga. Lakini nazo zina mwisho. Huko Amerika ya Kusini kantangaze alizoea dawa za zamani moja baada ya nyingine, na mwaka 2015 usugu dhidi ya kundi la klorantraniliproli uliripotiwa Italia. Sababu inaeleweka kwa urahisi: mdudu mwenye vizazi 10 hadi 12 kwa mwaka, akipigwa kila mara kwa dawa ileile, huacha nyuma wale tu wanaoihimili. Kubadilisha dawa kwa kusoma jina la kibandiko hakusaidii, maana majina mawili ya biashara yanaweza kuwa na kiambato kimoja. Kinachopaswa kusomwa ni kiambato. Jambo hili linastahili kusemwa kwenye kila duka la pembejeo, kwa sauti, na kwa Kiswahili, kwa kuwa maandishi ya chupa nyingi ni madogo kuliko macho ya wazee wanaozinunua.

Njia ya kumjua mapema ni mtego wa feromoni. Kidonge chenye harufu ya jike huning'inizwa juu ya beseni la maji yenye sabuni, na madume huja na kuzama. Asubuhi huhesabiwa. Idadi ikianza kupanda, mkulima anajua kwamba mayai yako njiani na kwamba siku chache zijazo ndizo za kupuliza, kabla viwavi hawajazama ndani. Mtego unafaa zaidi kama saa ya kumjulisha kuliko kama panga la kummaliza. Dume mmoja aliyesalia hupanda majike wengi, na mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji waliripoti jambo la ajabu zaidi: jike aliyetengwa na madume kabisa aliweza kutaga mayai yaliyoanguliwa.

Viumbe vinavyomla navyo vipo. Mdudu mwembamba wa kijani aitwaye Nesidiocoris tenuis, anayepatikana kwenye nyanya za Afrika Mashariki, hufyonza mayai na viwavi wachanga. Akikosa windo hufyonza mche wenyewe, kwa hiyo si rafiki wa moja kwa moja. Mwaka 2017 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta kutoka Peru nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, wa kwao kantangaze mwenyewe. Nyigu huyu hutafuta kiwavi mchanga ndani ya handaki, humdunga na kuacha yai mwilini mwake. Buu la nyigu hukua ndani ya kiwavi na kumla, na badala ya nondo hutoka nyigu mwingine. Baada ya uchunguzi kuhusu athari zao kwa wadudu wengine, nyigu hao waliachiliwa kwenye mashamba nchini Kenya. Huko Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela imefanyia kazi mfumo wa kompyuta unaotambua madhara ya kantangaze kwa picha ya jani, ili mkulima mwenye simu apate jibu kabla tatizo halijaenea. Lakini nyigu hawatasaidia bustani inayopulizwa kila siku tatu, kwa sababu wao ndio hufa kwanza.

Yaliyobaki ni kazi za mikono, na ndizo zinazopuuzwa zaidi: kung'oa ndulele kando ya bustani, kufunika kitalu kwa wavu wa matundu madogo, kuchuma majani yenye madoa mapema na kuyatoa shambani, kuosha matenga, na kutopanda nyanya juu ya nyanya.

Hatua kumi kutoka bustani ile, chini ya mwembe, kulikuwa na lundo la nyanya zilizokataliwa na wanunuzi. Moja ilipasuliwa kwa kisu. Ndani walikuwamo viwavi wawili, wanene, wenye wekundu wa waridi mgongoni. Yaani walikuwa wamemaliza kula, na udongo wa kujifukia ulikuwa chini yao tayari. Upande wa pili wa mwembe, kwenye kivuli hicho hicho, kulikuwa na kitalu kipya, miche ikiwa na majani manne manne. Mama alitazama viwavi, akatazama kitalu, akamwita kijana wake alete jembe.

Wakulima wa Segese, Kakola na mabonde yote ya Msalala, nyanya zilizooza msizitupe pembezoni mwa bustani. Zichimbieni shimo siku ile ile zinapochambuliwa na kuzifukia, au zifungeni ndani ya mfuko wa nailoni na kuuacha juani hadi kila kilichomo kife. Mabaki ya miche yang'olewe mara mavuno yanapokwisha, na shamba likae wiki 6 bila nyanya, viazi mviringo wala bilinganya kabla ya kupanda tena.